Mapovu Yanayokula Shaba



Baba yangu alikuwa fundi wa mashine za boti pale Malindi, Unguja. Siku moja alivua rafadha ya shaba akanionesha vitundu vidogo vidogo, kama ubao ulioliwa na mchwa. Wenzake walisema ni chumvi. Nikamuuliza, "Baba, mbona imeliwa upande mmoja tu?" Akacheka. "Kasome, uje unambie."

Nikasoma. Leo kazi yangu ni kutafiti kavitesheni. Bapa la rafadha likizunguka kwa kasi, mgandamizo wa maji hushuka sehemu fulani, na maji huchemka bila ya moto, yakiwa baridi vile vile. Mapovu huzaliwa. Yakifika penye mgandamizo mkubwa huporomoka ghafla na kuipiga shaba kama nyundo ndogo. Povu moja si kitu, mamilioni hutoboa.

Mwingereza Charles Parsons yalimfika hayo mwaka 1894. Chombo chake, Turbinia, kilikuwa na nguvu lakini mwendo haukuja. Mwaka 1895 akatengeneza tangi dogo ayaone mapovu kwa macho yake. Kisha akaweka mihimili mitatu, kila mmoja na rafadha tatu, na mwaka 1897 Turbinia ikapita noti 34. Kwanza alitazama, ndipo akatengeneza.

Mimi nilichelewa kutazama. Nilipoposwa nilikuwa katikati ya utafiti. Mama wa mchumba wangu akaniambia, "Mwanangu, mapovu nayo kazi? Ukishaolewa utayaacha." Nikatabasamu, nikasema inshaallah. Likaja jengine: nisisafiri. Inshaallah. Likaja la tatu: vitabu vibaki kwetu. Inshaallah. Dada zangu, inshaallah ile haikuwa ya kumtegemea Mola. Ilikuwa ya kukwepa.

Wiki moja kabla ya nikaha, siku niliyokwenda kupima nguo, nilikaa nikalia. Baba akaniuliza, nikamwambia yote. Akawaita mchumba wangu na wazee wake, nami nikasema kwa adabu kwamba napenda kuolewa na napenda kazi yangu. Mchumba akashangaa: "Mbona hukunambia? Nilidhani umeridhia." Tukakubaliana: kazi naendelea nayo, safari tunapanga pamoja. Mama yake hakufurahi siku ile, na mimi sikumlaumu. Alikuwa hajui; nani alimwambia?

Sasa tuna watoto wawili. Mama mkwe akipiga simu huuliza, "Hujambo mwanangu, na mapovu yako hayajambo?"

Dada yangu unayepakwa hina wiki hii, lenye kukukera liseme mapema, lingali povu moja. Waambie wazazi wako, mwambie mchumba wako, uswali istikhara.

Ile rafadha Baba aliihifadhi. Nilipomweleza sababu, aliipapasa kwa kidole, akasema, "Kumbe si chumvi."