Kifaa cha Kusikia Kinachokubaliwa na Sikio

Mwanachuo anayemaliza mafunzo yake hujua kwamba mtoto asiyeona vema huketishwa mbele, karibu na ubao. Kuhusu mtoto asiyesikia kabisa, hujua walau kwamba ziko shule zake, kama ile ya Tabora iliyoanzishwa mwaka 1963 na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ya mwaka 1974. Lakini yuko mtoto wa tatu, anayesikia sauti hizi na kuzikosa zile. Huyo hapelekwi Tabora wala Buguruni. Yumo katika darasa la kawaida, aghalabu nyuma, na jina lake ni "mzito". Nimekubali kuandika habari zake kwa sababu mbili: mimi mwenyewe nina sikio la namna hiyo, na katika safari za kukagua mazoezi ya kufundisha nimewaona watoto waliobahatika kupata kifaa cha kusikia, wenyewe wakakificha mkobani.

Kwanza yafaa tuelewane kuhusu maneno. Tukisema "sauti ya juu" twaweza kumaanisha sauti kubwa, na twaweza kumaanisha sauti nyembamba. Mambo haya ni mbalimbali. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Wembamba wake hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo katika sekunde moja. Ngoma kubwa ina sauti nene, mluzi una sauti nyembamba, na vyote viwili vyaweza kupigwa kwa nguvu au taratibu. Katika usemi wa binadamu, irabu hubeba nguvu nyingi, nayo nguvu hiyo imo zaidi upande wa unene. Konsonanti kama s, sh, f, th, t na k zina nguvu kidogo, na zimekaa upande wa wembamba. S hupanda hata kupita hezi 4000. Basi mtu aliyepotewa na wembamba anasikia barabara kwamba anasemeshwa. Asichokipata ni neno lenyewe. Ukimpazia sauti, irabu zinazidi kuvuma, na konsonanti zinabaki pale pale zilipokuwa.

Jaribu kuyatamka maneno haya: saa, taa, kaa, faa, paa. Kwa sikio kama langu, bila kifaa na bila kuutazama mdomo wako, yote matano ni neno moja. Vivyo hivyo fika, pika na shika. Zaidi ya hayo, lugha yetu imeutundika ukanushi mzima juu ya sauti hizi dhaifu: tofauti ya "atakuja" na "hatakuja" ni pumzi tu. Mtoto anayeikosa pumzi hiyo anaweza kufanya kinyume cha alichoagizwa, akaadhibiwa kwa ukaidi.

Mimi nilikulia Pande, kusini ya Kilwa Masoko. Katika utoto wangu uvuvi wa baruti ulikuwa umeenea katika pwani ile ingawa sheria iliukataza, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 nayo ikaukataza. Mjomba wangu hakuwa mtu wa baruti. Alikuwa mtu wa madema. Siku moja nimezama kulitazama dema, watu wengine wakalipua mahali ambapo sisi hatukuwaona. Masikio yangu yalilia siku tatu. Ndani ya sikio imo koklea, iliyojiviringa kama konokono, na ndani yake mna seli zenye vinyweleo vinavyopokea mitetemo. Kishindo kikubwa huziua seli hizo, nazo kwa binadamu hazioti tena. Madhara ya kishindo aghalabu huanza karibu na hezi 4000, yaani pale pale penye konsonanti zetu. Si baruti tu inayoleta hasara hii. Uzee huileta, mashine za kusaga na spika kubwa za ngomani huileta, na baadhi ya dawa za sindano, kama streptomaisini iliyotumika sana kutibu kifua kikuu, zimewahi kuileta pia.

Niliishi miaka mingi bila kujua, kwa maana kijijini watu husemezana kwa sauti iliyofunguka, tena uso kwa uso. Ukutubi wa chuo ndio uliodhihirisha. Wanachuo wetu wa kike waliolelewa pwani humsemesha mkufunzi kwa sauti ya chini, na kuitazama ardhi. Hiyo ni adabu, wala siitaki iondoke. Lakini mimi nilikuwa napokea irabu tupu. Nilipopimwa, chati yangu ilikuwa nzuri mpaka hezi 1000, ikateremka kidogo kwenye 2000, kisha ikaanguka hadi desibeli 60 kwenye 4000. Mtaalamu aliniambia kwamba mteremko wa namna hiyo unafanana na wa watu walioumizwa na kelele.

Sasa ndipo lilipokuja suala la kifaa, ambacho katika elimu maalumu wengine hukiita shimesikio. Kifaa cha kwanza nilichopewa katika kituo kimoja kilikuwa na kizibo kigumu kilichojaza tundu lote la sikio. Mhudumu alikisifu kwa nguvu zake. Nilipofungua mdomo kumshukuru, sauti yangu ilivuma kichwani kama ya mtu anayesema ndani ya mtungi. Nikitafuna, nasikia kutafuna. Nikitembea, nasikia nyayo zangu fuvuni. Niliambiwa nitazoea. Nilikirudisha baada ya wiki mbili, na nadhani nilifanya vema, kwa kuwa nilichokiona si deko bali ni jambo lenye sababu yake.

Sababu ni hii. Sauti ya mtu mwenyewe husafiri pia kwa njia ya mifupa hadi katika tundu la sikio. Sikio likiwa wazi, sehemu nene ya sauti hiyo hutoka nje. Likizibwa, hunaswa ndani na kuvuma. Mtu aliyepotewa na sauti zote, nene na nyembamba, hasumbuki sana na jambo hili, na kizibo kinamfaa kwa sababu anahitaji nguvu nyingi. Lakini mtu ambaye unene wake ni mzima, akizibwa, ananyang'anywa kile alichokuwa nacho kwa ajili ya kupewa kile alichokosa. Anachohitaji ni sikio lililo wazi, ili sauti nene ziingie zenyewe kama kawaida, na kifaa kiongeze zile nyembamba tu.

Kwa hiyo kifaa nilichochagua hukaa nyuma ya sikio, na kutoka hapo hushuka waya mwembamba unaoishia kwenye kikofia laini cha silikoni chenye matundu. Huo uwazi una gharama yake. Sauti iliyokuzwa ikivuja nje na kurudi kwenye kipaza sauti cha kifaa, hutokea mluzi. Ndiyo maana kikofia cha wazi hakiwezi kumpa nguvu ya kutosha mtu ambaye hasara yake ni kubwa mno. Kwa huyo hutafutwa njia ya kati, yaani kizibo kilichotobolewa tundu la hewa. Viko pia vifaa vinavyoihamisha sauti nyembamba na kuishusha mahali ambapo sikio bado lina uwezo. Mtu asikubali wala asikatae chochote kabla ya kuonyeshwa chati yake na kuelezwa inasema nini.

Vikofia vina vipimo, na hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa bila kuambiwa kwa nini. Kikiwa kidogo, huchezacheza na kutoka. Kikiwa kikubwa, huwasha na kuacha kidonda. Tena tundu la sikio hubadilika umbo taya linapotembea, kwa hiyo kikofia kilichotulia ukiwa kimya huenda kikachupa ukila muhogo. Mimi niliomba nizungumze, nitafune, niiname. Kisha nikatoka nje ya kile chumba kimya nikasimama kituo cha daladala, maana hakuna mwalimu anayefundisha ndani ya chumba kimya. Kanuni niliyoishika tangu siku ile ni kwamba kifaa kikifika adhuhuri nawe umesahau kwamba umekivaa, kinakufaa. Kikikukumbusha kila saa, kirudishwe kwa fundi kingali kipya.

Wiki za kwanza zilikuwa za vurugu. Karatasi zilipiga kelele kama makuti yanayoungua. Chaki ilinichoma. Niligundua kwamba kanga mpya hulia mwanamke anapopita, na jioni moja nyenje walirudi, ambao nilikuwa nimedhani wamepungua nchini. Ubongo huhitaji majuma kadhaa kujifunza tena nini cha kusikiliza na nini cha kuacha. Mtu akiambiwa hivyo mapema, huvumilia. Gharama ilipita mshahara wangu wa mwezi, na hilo siwezi kulipamba kwa maneno.

Tuje kwa watoto. Masikio yao yanakua, na kizibo kilichowaenea mwaka huu mwakani kitalegea, kitapiga mluzi na kusugua. Vikofia vidogo ni hatari kwa watoto wachanga, maana hutoka na kumezwa. Hao hupewa kizibo laini. Mtoto mwenye usaha sikioni asizibwe kabla hajatibiwa, kwa kuwa sikio lililofungwa halikauki. Katika pwani yetu liko jambo la ushungi, ambalo nimeona linasahauliwa na wataalamu: kitambaa kikikisugua kifaa, mtoto husikia mikwaruzo mchana kutwa, na kikibana sana, mluzi huanza. Kitambaa chepesi kisichobana sikioni hupunguza adha, na heshima ya vazi inabaki. Jasho na hewa ya chumvi navyo huharibu vifaa hivi upesi, hivyo usiku kifaa kifutwe kwa kitambaa kikavu na kulazwa ndani ya chupa iliyofungwa, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu. Betri nyingi huamka pale kibandiko chake kinapobanduliwa na hewa kuingia, na tangu hapo zinakwisha hata kama hazitumiki. Mtoto asizibandue zote kwa furaha ya siku moja.

Mwaka jana nilikwenda kumkagua mwanachuo katika shule moja ya tarafa ya Pande. Alikuwa akitoa imla darasa la tatu, huku akitembea baina ya madawati. Katika daftari la binti mmoja, "shika" ilikuwa "fika", "saa" ilikuwa "taa", na "hatakuja" ilikuwa "atakuja". Lakini irabu zote zilikuwa sahihi, hata moja haikukosewa. Mwanachuo alininong'oneza, "Huyu ni mzito, mwalimu. Wanataka arudie darasa." Nilimwomba alitazame tena daftari lile, lakini aziache alama na aangalie aina ya makosa. Mtoto mzito hukosea ovyo. Huyu alikosea kwa utaratibu, tena upande mmoja tu wa sauti.

Wakati wa mapumziko niliona kwamba ana kifaa. Kilikuwa ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka, amekivingirisha kwa kipande cha kanga. Watu wa hisani walikuja miaka miwili nyuma, wakagawa, wakaondoka. "Kinaniuma, mwalimu," alisema, "na nikisoma najisikia kama nimo kisimani." Kizibo kilikuwa cha kujaza sikio zima, bila tundu, nacho kilikuwa kimekwisha kupitwa na sikio lenyewe. Sikumwambia avumilie.

Tulifanya jaribio ambalo kila mwanachuo aweza kulifanya bila senti moja. Daniel Ling, aliyekuwa mtaalamu wa ufundishaji wa viziwi huko Kanada, alilibuni, na kwa bahati njema sauti zake zote ni za Kiswahili: m, u, a, i, sh, s. Mwalimu husimama nyuma ya mtoto, au huuficha mdomo kwa karatasi bila kuizuia sauti, hutamka moja moja kwa sauti ya kawaida pasipo mpangilio, na mtoto hurudia asikiacho. Sauti hizi sita zimeenea kutoka unene hadi wembamba. Binti yule, bila kifaa, alirudia nne za kwanza pasi na shaka. Kwenye sh alisitasita. Kwenye s alingoja, akadhani bado sijasema.

Mwalimu mkuu aliandika barua kwa mikono yake, na mwanachuo wangu akamsaidia. Hawakuandika tu kwamba mtoto hasikii. Waliandika ni sauti zipi anazozikosa, kifaa kinauma mahali gani na baada ya muda gani, kwamba sikio halina usaha, na kwamba huvaa ushungi shuleni. Mama yake alisafiri naye hadi Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 300 kutoka Kilwa, wakafikia kwa mjomba. Kizibo kilitengenezwa upya, kikatobolewa tundu la hewa, na kifaa kikapunguzwa nguvu upande wa sauti nene.

Nilipata habari zake muhula uliofuata. Hakurudia darasa. Hukivaa asubuhi, hukivua saa za michezo, na kila asubuhi mwalimu wake husimama nyuma yake akatamka zile sauti sita. Siku s inapokosekana, hutazama betri kwanza. Katika imla ya mwisho aliyoniletea mwanachuo, maneno kumi, alipata manane. "Hatakuja" bado inamshinda. Betri zilikuwa zimebaki mbili, na mjomba ameahidi kuleta nyingine akija Idi.