Kutoka Chanika Hadi Delhi, Kuufuata Ugonjwa Uliorudi

Sisi watu wa Chanika tuna bahati moja: uwanja wa ndege uko njiani kwetu kwenda mjini. Kila daladala linapopita pale huwa natazama ndege na kujiuliza wanaosafiri wanafuata nini. Safari hii msafiri nilikuwa mimi, na tulikuwa tunafuata habari za povu.

Mdogo wangu alipandikizwa figo Delhi mwaka 2016, kabla Muhimbili haijaanza kazi hiyo Novemba 2017. Aliyemtolea ni dada yetu mkubwa. Figo ikafanya kazi vizuri kwa miaka, kisha mkojo ukaanza kutoka na povu, yaani protini inavuja. Zamani alisindikizwa na mama. Sasa magoti yamemgomea, zamu ikawa yangu.

Usiku kucha sikulala. Mdogo wangu anakoroma, mimi nimekodolea dirisha lenye giza tupu. Tulipotua Mumbai kubadili ndege nikadhani simu imeharibika: wenzetu wametutangulia kwa saa mbili na nusu. Saa mbili ningezielewa. Hiyo nusu je?

Delhi nilijiandaa kwa mambo mageni, nikapokewa na bajaji! Za kijani na njano, zinatumia gesi, na madereva wanapiga honi hata barabara ikiwa tupu. Sambusa nazo zipo, ila niliuma nikakuta viazi na njegere. Hospitalini palikuwa na mkalimani wa Kiswahili, kijana wa palepale ambaye hajawahi kuiona Dar. Akampa mdogo wangu "shikamoo", mimi mkubwa nikapewa "mambo". Tulicheka hadi muuguzi akatutazama.

Kicheko kiliisha majibu yalipotoka. Walichukua kipande cha figo kwa sindano, wakakuta imejaa protini ya damu iitwayo C3. Protini hiyo ni ya ulinzi, kama sungusungu: kazi yake ni kukimbilia wadudu wa maradhi. Kwa mdogo wangu sungusungu hawalali, na wakikosa mwizi wanawapiga wenye nyumba. Ndio walioua figo zake za kuzaliwa. Nikauliza, si tuliweka mpya? Daktari akajibu kwamba C3 hutengenezwa zaidi kwenye ini, na ini hatukulibadilisha. Kwa ugonjwa huu, zaidi ya nusu ya waliopandikizwa hurudiwa nao.

Kisha akatueleza habari ya pegcetacoplan, dawa inayoizuia hiyo C3. Jaribio lake moja lilifanywa kwa watu waliorudiwa hivi tu, jumla yao 13. Nilidhani mkalimani amekosea. Hakukosea, ugonjwa ni adimu kiasi kwamba hata hao walikusanywa kutoka nchi kadhaa. Kumi walipewa dawa, watatu wakaendelea na matibabu ya kawaida, na baada ya wiki 12 figo zao zikachunguzwa tena kwa sindano. Kati ya wale kumi, wanne hawakuonekana na C3 hata kidogo. Julai 2025 Marekani ikairuhusu dawa hiyo kwa wenye ugonjwa huu, wakiwemo waliorudiwa baada ya kupandikizwa. Huchomwa chini ya ngozi mara mbili kwa wiki, na mgonjwa huchanjwa kwanza dhidi ya homa ya uti wa mgongo na nimonia, maana ukiwafunga walinzi, wezi halisi nao wanapata mwanya.

Mdogo wangu akauliza kama naye anaweza kujaribiwa. Akaambiwa jaribio lile lilishafungwa. Tumerudi Chanika na dawa zake za kawaida zilizopangwa upya, na bei ya ile mpya bado tunaiulizia.

Nawe msomaji, kama kwenu kuna anayeandaliwa kupandikizwa figo, mwulizeni daktari ni ugonjwa gani ulioua zile za kwanza, na jina lake liandikwe kwenye faili. Letu la zamani liliandikwa "figo zimefeli", basi.