Tarehe ya Mshahara

Niliingia kwenye pamba kama kibarua wa msimu, miaka michache baada ya 1994, mwaka ambao kampuni binafsi ziliruhusiwa kununua na kuchambua zao hilo. Kabla ya hapo, kuitaja pamba ya Mwanza kulikuwa kuutaja ushirika wa Nyanza. Sasa wanunuzi walishindana hadi vijijini, na sisi vijana wa Misungwi tukapata pa kuuzia nguvu zetu baada ya mavuno.

Kiwanda kilichoniajiri kilichambua usiku na mchana kwa shifti mbili. Pamba mbegu ikiingia, karibu theluthi moja ya uzito wake ndiyo hutoka nyuzi; sehemu kubwa ya iliyobaki ni mbegu za kukamulia mafuta. Nyuzi hushindiliwa kuwa marobota, na vumbi lake hukaa kifuani mpaka Krismasi.

Nilipopandishwa kuwa msimamizi wa shifti, uongozi ulileta motisha ya kwanza: shifti itakayofunga marobota mengi zaidi ipate bonasi. Mwanzoni mashine hazikupumzika. Kisha pamba fifi ikaanza kupitishwa pamoja na safi, kwa kuwa kuitenga kunakula muda. Watu wa mchana wakaacha kusafisha mashine, wakawaachia wenzao wa usiku rola zilizokaba. Marobota yaliongezeka, lakini mnunuzi akakata bei. Wala sikuweza kuwalaumu wafanyakazi: walifanya kile hasa walicholipwa kufanya.

Nikapendekeza bonasi iwe moja kwa shifti zote mbili, tena ihesabu usafi wa pamba na saa ambazo mashine zimesimama. Wazo nililitoa shambani: Usukumani kundi likilima kwa bugobogobo, ngoma hupigiwa safu nzima na majembe hushuka pamoja. Uongozi ulisita, ukakubali. Ugomvi wa kuachiana mashine chafu ukapungua, na fundi wa mchana akaanza kumsubiri wa usiku ili amweleze mashine ipi inalalamika.

Mtihani mkubwa ulikuja msimu ambao bonasi ilipandishwa lakini mishahara ikachelewa, kwa madai kwamba fedha za mauzo hazijaingia. Kijana mmoja wa marobota alinifuata. "Shikamoo mzee. Hiyo bonasi ni nzuri, ila mwenye duka anataka hela yake leo." Sikuwa na la kumjibu. Wengine walikwenda kwenye viwanda vya minofu ya sangara Mwanza mjini, wengine wakawahi majaruba ya mpunga. Waliotangulia kuondoka walikuwa mahodari, maana hao ndio wasiokosa pa kwenda. Tuliobaki nao tuliwaongezea bonasi, na kazi haikusogea.

Baadaye, kwenye semina, tulifundishwa habari za Frederick Herzberg, Mmarekani ambaye mwaka 1959, pamoja na wenzake, alichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Alisema mshahara mbaya huleta manung'uniko, lakini kinachomsukuma mtu ajitume ni kazi yenyewe, kutambuliwa na kukabidhiwa wajibu. Nilikubaliana naye nusu. Mhandisi wa Pittsburgh anajua mwisho wa mwezi utamkuta na hela. Kibarua wa msimu hajui, na kwake mshahara unaofika siku iliyotajwa ndio kutambuliwa kwenyewe.

Msimu uliofuata ule wa mishahara kuchelewa, uongozi mpya ulianza na mambo ya msingi: mikataba ya maandishi, michango ya NSSF, na ovataimu kulipwa mara moja na nusu kwa saa zinazozidi 45 za wiki, kama inavyotaka Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Waliofanya vizuri waliahidiwa kuitwa tena, na kweli wakaitwa. Hapo ndipo bonasi ilipopata nguvu, kwa sababu watu walikuwa wameshaziamini ahadi ndogo.

Nilipostaafu, aliyeshika nafasi yangu aliniuliza aanze na zawadi gani. Nikamwambia zawadi zisubiri. Kwanza abandike ukutani tarehe ya mshahara, na siku hiyo ikifika alipe.