Siku za Chuma, Siku za Nyumbani



Sisi ni mke na mume, wanaparokia wa kawaida jijini Dar es Salaam, na tuna watoto 2. Mmoja wetu ananyanyua vyuma. Tunaandika pamoja kwa sababu jambo hili limetugusa sote wawili, na kwa sababu tunazijua nyumba kadhaa katika jumuiya yetu ambamo chuma, au mpira, au mbio za asubuhi, ni jambo linalozungumzwa kwa sauti ya chini watoto wakishalala.

Chuma hakikuingia kwetu kwa ajili ya kujionesha kifua. Baba mzazi wa mmoja wetu alipata kiharusi akiwa na miaka 54, akaishi miaka 3 mingine akilishwa kwa kijiko. Mwanawe naye alipopimwa, presha ilikuwa imeanza kupanda. Ndipo akajiunga na jimu ya mtaani: ua wenye paa la bati, mabenchi ya kuchomelea, vyuma vichache vya dukani na vingine ambavyo ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Mke hakuwahi kusema, "Acha." Mtu aliyekuwa akimgeuza mkwe wake kitandani kila baada ya saa chache ili asipate vidonda hawezi kumwambia mumewe aache mazoezi.

Kilichotusumbua ni saa. Kazi inaisha saa 11 jioni. Kwa foleni ya Barabara ya Morogoro, kufika kwetu Kimara ni saa 1 usiku, na hapo umebahatika. Ukipitia jimu unaingia nyumbani saa 3, na watoto wetu wanalala saa 2:30. Piga hesabu hiyo kwa siku 5 za wiki. Baba anawaona watoto asubuhi wakivaa sare, basi. Mdogo wetu akishtuka usiku alikuwa anamwita mama, hata pale ambapo baba ndiye aliyekuwa amembeba. Hakuna aliyemfundisha hivyo.

Tulipokaa kulizungumza, kilichotusaidia zaidi ni kujua mwili unahitaji kiasi gani hasa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kama kutembea kwa haraka. Siku 2! Sisi tulikuwa tunadhani ni 5 au 6. Tena misuli haikui wakati wa kunyanyua. Chuma huichosha tu. Inajijenga baadaye, kwa chakula, usingizi na mapumziko, na ndiyo maana misuli iliyofanyishwa kazi nzito hupewa kama saa 48 kabla ya kurudiwa. Mwalimu wa jimu, ambaye hufungua kila siku na angepata faida kutuambia vingine, alituambia hivyohivyo.

Kwa hiyo sasa chuma ni Jumanne na Ijumaa. Jumatano mke anakwenda kwaya, na baba ndiye anayepika, anaogesha na kusali na watoto kabla ya kulala. Jumamosi, jumuiya ikishatawanyika, tunakwenda wote uwanjani. Mwongozo uleule unasema watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na yeyote aliyewahi kumkimbiza mtoto wa miaka 6 anajua kwamba mapafu ya baba nayo yanapata haki yake.

Gharama ipo. Wenzake wanasukuma kilo 110 kifuani. Yeye amebaki kwenye 80. Hilo linamuuma, na halituondoki kwa maneno matamu. Halafu jimu si vyuma tu. Wale vijana na wazee wa pale ndio waliobeba jeneza la baba, na jioni ya Jumatatu wanapocheka pale uani, kicheko kinafika mpaka dirishani kwetu.

(Mmoja wetu anaomba iandikwe pia kwamba yeye huinua ndoo ya lita 20 mara 6 kwa siku kuanzia bombani hadi jikoni, na hakuna mtu mtaani aliyewahi kuyaita mazoezi. Imeandikwa.)

Tulifurahi kusikia padre wetu akieleza hati iliyotolewa Vatican tarehe 1 Juni 2018 kuhusu michezo. Iliyoiandaa ni Baraza la Kipapa la Walei, Familia na Maisha: ofisi ileile inayoshughulika na ndoa na watoto ndiyo iliyoandika juu ya wanamichezo, na ikaonya kuhusu kuudhalilisha mwili kwa kuugeuza kitu. Naye hayati Papa Francisko alisimulia mara nyingi kwamba alikuwa akiwauliza wazazi kama wanacheza na watoto wao. Ni swali dogo, lakini linakubana kuliko hotuba ndefu.

Ninyi mafrateri mnaweza kuona haya ni ya watu wa ndoa. Lakini tumewaona mkija likizo, mama zenu wakiwa wamewasubiri miezi kadhaa, nanyi mnapotelea uwanjani hadi giza. Seminarini kengele inawapangia saa ya mazoezi. Nyumbani hakuna kengele, na mama hatawaambia.

Mwezi Desemba kuna mashindano ya jimu za mtaani, na baba anataka kushiriki. Ameomba siku 4 kwa wiki, kwa wiki 8. Tumekubaliana wiki 5, na kwamba Jumatano haiguswi. Hizo wiki 3 nyingine bado tunazijadili.