Umuchunge

Katika kozi ya semantiki tuliombwa kuleta kitenzi kimoja chenye maana mbili katika Kiswahili cha Lubumbashi. Wenzangu walileta vya kuchekesha. Mimi nilileta *kuchunga*, nikapata 14 juu ya 20, na pembeni profesa akaandika: «Muktadha uko wapi?» Muktadha ni huu.

Yaya wangu alizaa saa saba ya usiku, katika maternite ambayo sitaitaja jina. Mimi ndiye niliyekuwa gadimalade wake: ndoo, vitenge, termosi ya uji, na pesa za dawa nilizofunga katika pindo la nguo. Usiku ule akusheze alikuwa mmoja. Wanawake waliokwisha kuzaa walikuwa tisa, na wawili walikuwa bado wanaumwa uchungu katika chumba cha kuzalia. Alimchoma yaya sindano, akamkanda tumbo, akaniambia: «Dada, umuchunge. Miye narudia kwa bale bamama.»

Nikamchunga. Kwetu kuchunga ni kulinda, jicho likiwa wazi, kama mtu anavyochunga mbuzi. Lakini pia ni kungoja: «niko nakuchunga» huambiwa rafiki aliyechelewa. Mimi nilisikia maana ya pili. Niliketi juu ya ndoo nikangoja yaya aamke, nikangoja akusheze arudi. Yaya aliposema «niko nasikia baridi», nilimwongezea kitenge. Haikunijia kuangalia chini ya kile cha kwanza.

Aliyefunua ni mama mmoja wa kitanda cha jirani, gadimalade kama mimi, lakini mwenye kuzaa mara sita. Alipiga kelele moja tu. Akusheze alikuja mbio, glavu zikiwa bado na damu ya mwingine, akalikandamiza tumbo kwa mikono miwili huku akiniamuru nikamwamshe daktari. Baba na binamu yangu walitoa damu kabla ya mapambazuko. Yaya yuko hai.

Baadaye nilisoma. Kwa OMS, damu ikifika mililita 500 baada ya kuzaa, tayari ni hemorajia. Ni glasi mbili tu, na kitenge kizito hunywa glasi mbili bila kuonyesha. Ndiyo maana wakunga hufundishwa kushika tumbo na kuangalia mapigo na damu kila dakika 15 katika saa mbili za kwanza. Basi hesabu: kati ya wale tisa, watatu walikuwa wamezaa usiku uleule. Mpe kila mmoja dakika tano, robo saa imekwisha, uanze tena. Na wale wawili wa uchungu? Moyo wa mtoto nao unataka kusikilizwa angalau kila nusu saa. Akusheze hakukosa bidii. Alikosa mwenzake, akampa kazi mwanafunzi wa isimu kwa neno moja.

Husemwa kwamba hatuna wauguzi. Mjini sikubali. Saa mbili asubuhi chumba kilekile kilijaa blauzi nyeupe, wastajieri wakigombania nafasi ya kupima presha. Shule zinawatoa kila mwaka; wengi hawajamekanizwa, yaani majina yao hayamo katika orodha ya mishahara ya Serikali, na wanaishi kwa primu. Nani atamdai mtu kama huyo zamu ya usiku? Mwaka 2023 Serikali ilianzisha uzazi wa bure, kwanza Kinshasa. Naushangilia, kwa sababu najua wanawake waliozuiliwa na mtoto mkononi kwa ajili ya deni. Lakini mlango ukipanuliwa, mikono ya usiku isipoongezwa, neno *umuchunge* litasemwa mara nyingi zaidi.

Kulipokucha akusheze alirudi, akaegemea ukuta, akaniuliza polepole, bila hasira:

«Haukuona damu?»

«Nilikuwa namuchunga, mama.»