Hapa Nimekubali Nini?

Karatasi za benki husafiri pande mbili, na uzito wake haulingani. Zinazotoka kwa mteja ni nzito: namba ya NIDA yenye tarakimu 20, picha ndogo, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, chanzo cha kipato, jina la ndugu wa karibu. Zinazotoka benki ni kurasa chache tu zilizobanwa kwa pini, lakini humo ndimo inamoelezwa fedha yako itaishi vipi baada ya kuiacha pale. Sisi wa Kigoma safari ya kwanza hutuchosha mno, ya pili inapofika hatuna tena hamu ya kuisoma.

Mkoa wetu ni wa mpakani. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, kaskazini ni Burundi, na Ujiji kuna koo nyingi ambazo mizizi yake ni Manyema. Anayeomba kitambulisho huku anaweza kuulizwa babu yake alizaliwa wapi, wakati babu mwenyewe alizaliwa kabla hapajawa na ofisi ya kumwandika. Akifika dirishani na namba yake mkononi, mtu huyo anajiona ameshinda kesi. Ukimwambia asome vigezo, anakuona unataka kumrudisha mahakamani.

Nilimsindikiza mama yangu mdogo, mwanika dagaa wa Kibirizi, alipokwenda kufungua akaunti ya akiba. Kijana wa dawati alikuwa na adabu zake. "Shikamoo mama. Weka saini hapa, na hapa, na hapa chini."

"Marahaba mwanangu. Hapa nimekubali nini?"

"Vigezo na masharti tu, mama."

Vigezo na masharti kuzingatiwa! Nani hajayasikia redioni? Tangazo zima linasemwa polepole, kwa sauti ya asali, halafu sentensi hiyo ya mwisho inapita mbio kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Mama mdogo hakutoa kalamu. Akauliza wanakata kiasi gani kwa mwezi, kisha akauliza jambo ambalo sijaliona kwenye fomu yoyote: "Na mbalamwezi ikiwaka, mnakata pia?"

Wa bara wanaweza kucheka, lakini lilikuwa swali la mtu anayeijua biashara yake. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, mitumbwi inapumzika na chanja zinabaki tupu. Kipato cha mwaloni hufuata mwezi wa angani, ada ya akaunti hufuata mwezi wa kalenda. Baadaye ukaja mwaka 2024, ziwa likafungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Miezi mitatu hiyo, mwenye salio dogo alihitaji kujua makato yake kuliko alivyohitaji kujua riba.

Haki ya kuuliza ipo. Mwaka 2019 zilitoka kanuni za Benki Kuu za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, zinazoitaka benki ieleze ada, riba na masharti kabla mteja hajajifunga. Marekani walikuwa na sheria ya ukweli kuhusu akaunti za akiba tangu 1991. Tena wana sheria nyingine, ya 1980, inayozitaka ofisi za serikali zikadirie saa ambazo karatasi wanazodai zitakula. Lakini katika hesabu ya karatasi za amana, saa zinazojumlishwa ni za mabenki yanayoziandaa. Ningependa kuona hesabu hiyo ikipigwa huku. Mtu wa Kalya anakuja mjini kwa boti, anaambiwa picha haifai, anarudi kusini. Saa zake ziandikwe safu gani?

Simlaumu kijana, foleni ilikuwa imefika mlangoni. Ila kuna mistari ambayo ingefaa kusomwa kwa sauti hata foleni ingefika barabarani. Mmoja ni wa riba. Anayeitaka ajue kwamba asilimia 10 yake hukatwa kuwa kodi ya zuio. Wazee wengi wa Ujiji huutafuta mstari huohuo kwa nia tofauti kabisa, wapate kuikimbia akaunti yenyewe. Ndio wale waliofurahi Amana Bank ilipoanza mwaka 2011 kwa taratibu za Kiislamu, zisizo na riba.

Mwingine ni wa bima ya amana. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, zikiwemo za wananchi wa Njombe na Meru na ile ya wakulima wa Kagera. Wakati huo kinga ya Bodi ya Bima ya Amana iliishia shilingi milioni 1.5 kwa mteja. Aliyekuwa na zaidi alisubiri ufilisi. Sasa ni milioni 7.5. Mama mdogo alipoelezwa hilo alikaa vizuri kwenye kiti. Kwenye kikoba chao, alisema, sanduku lina kufuli tatu na kila mwenye hisa anasikia fedha ikihesabiwa, lakini likiibwa hakuna bodi.

Akaweka saini. Fedha ya ada za shule iko benki, ya kuzungusha iko kikobani.

Na kikoba nacho kimefikiwa na karatasi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliviweka vikundi kama chao daraja la nne, wakatakiwa kujisajili: katiba, mihtasari, majina ya viongozi. Katibu alileta katiba ikiwa imeshapigwa chapa, akaomba saini. Mama mdogo akamwambia aisome kwanza, kifungu kwa kifungu. Ikachukua jioni nzima, kwa sababu kifungu cha faini za wachelewaji kilizua ubishi na ikabidi kiandikwe upya, na mwenyekiti, ambaye ndiye mchelewaji mkubwa kuliko wote, akapinga mpaka mwisho.