Kwango, Jina la Mto

Kwango ni mto. Unaanzia katika nyanda za juu za Angola, unateremka kuelekea kaskazini, kwa masafa marefu unakuwa mpaka baina ya Angola na Kongo, kisha unajitia katika mto Kasai na kuipoteza dhati yake humo. Sisi tunaoishi Mwanza hatuna sababu kubwa ya kuujua. Maji yetu hushika njia nyengine, kwa Nile, hadi Misri.

Kwango vilevile alikuwa mtu. Johnny Kwango alikuwa mwanamieleka wa Uingereza, mmoja wa wale walioingia katika nyumba za watu kwa televisheni Jumamosi alasiri, wakati wazee wa kike wa huko walipoacha sufuria zikaungua kwa kumtukana mwamuzi. Alikuwa katika ulingo wa zama moja na akina Mick McManus na Jackie Pallo, ambao Waingereza wa makamo wangali wanawakumbuka. Kwango wamemsahau, isipokuwa wachache. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa John Lagey, na mahali alipozaliwa ni London.

Sikuanza kwa kumtafuta yeye. Aliyenifikisha kwake ni mwenziwe mwengine, naye nilimwona hapahapa Kirumba, katika kibanda cha video kilichokuwa karibu na njia ya kushukia Mwaloni, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kibanda kile kilikuwa na mabenchi sita, televisheni moja iliyofungiwa katika sanduku la mbao, na harufu ya dagaa iliyotufuata kutoka sokoni na kukaa nasi mpaka mwisho. Kanda za mieleka zilikuwa ndizo zinazojaza watu. Siku hiyo akatolewa jitu moja la miraba minne, miguu mitupu, kavaa kinyago na kushika mkuki, kachorwa mwezi na nyota kifuani na tumboni. Hasemi, ananguruma tu. Jina lake Kamala, na mtangazaji akasema kuwa ametoka Uganda na kwamba alikuwa mlinzi wa Idi Amin.

Msomaji wa visiwani huenda asione uzito wa jambo hilo mbele ya watu wa Mwanza, basi na nieleze. Uganda kwetu ni ng'ambo ya maji. Katika vita vya Kagera, mwezi wa Machi 1979, ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ilikusudia kuupiga mji huu. Mabomu yakakosa shabaha, yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala waliokuwa wakifugwa huko. Mle kibandani walikuwamo watu waliousikia mshindo ule. Alikuwamo mzee mmoja aliyefika Kampala na jeshi letu. Na walikuwamo Wahaya, ambao kwao Kamala ni jina la ukoo, jina la watu wenye mashamba ya migomba na watoto vyuoni.

Kijana mmoja wa Kihaya akasimama akauliza, huyu ni Kamala wa nani? Kibanda kizima kikaangua kicheko. Yule mzee wa vita akaongeza kuwa mtu huyu hata salamu ya Kiganda haijui. Hata hivyo hakuna aliyetoka. Jitu lile lilipomwangusha mwenzake na kumlaza kifudifudi badala ya chali, maana ilikuwa sehemu ya mchezo wake kwamba mshenzi hajui kanuni, tulicheka tena, kwa sauti tofauti kidogo.

Miaka mingi baadaye, intaneti ilipofika mpaka kwenye simu zetu, nilimtafuta. Alikuwa Mmarekani mweusi kutoka Mississippi, jina lake James Harris, aliyezaliwa mwaka 1950. Umbo la Kamala lilibuniwa Memphis mwaka 1982, na wenye shughuli za mieleka wa huko, Jerry Lawler na Jerry Jarrett. Yaani Amin alikuwa keshakimbia miaka mitatu nyuma, na jina lake lilikuwa bado linauza tikiti. Tarehe 29 Agosti 1992 Harris alipambana na Undertaker katika kiwanja cha Wembley, London, mbele ya maelfu kwa maelfu, na baadaye alikuja kusema hadharani kuwa ujira wake ulikuwa mdogo mno ukilinganishwa na wa mpinzani wake. Ugonjwa wa kisukari ukamnyang'anya miguu yote miwili, mmoja mwaka 2011 na wa pili mwaka 2012. Alifariki Agosti 2020.

Kabla ya kuwa Kamala, Harris aliwahi kupigana Uingereza, nami kwa kuifuata nyayo hiyo nikajikuta katika mieleka ya Waingereza, ambayo ni dunia nyengine kabisa. Wamarekani hufanya kelele. Waingereza waliipa mieleka yao kanuni kama za mahakama: raundi zilizohesabiwa, maonyo ya mwamuzi, ushindi wa maangusho mawili, na jina la bwana mmoja mtukufu, Lord Mountevans, likawekwa juu ya kanuni hizo ili zionekane za heshima. Televisheni ya ITV ilianza kuirusha Novemba 1955. Nyuma ya heshima yote hiyo, matokeo yalikuwa yakipangwa, na kila mwanamieleka alikuwa na sura aliyouziwa hadhira. Mtu mweusi sura yake ilikuwa imekwisha kukatwa na kushonwa kabla hajaingia: Afrika. Hata akiwa mzaliwa wa London.

Hapo ndipo nilipomkuta Kwango. Silaha yake mashuhuri ilikuwa kupiga kichwa. Atanyanyuka, atakipeleka kichwa chake kwenye kipaji cha mwenzake, na ukumbi wote utalia kwa furaha. Ng'ambo ya pili ya bahari, Marekani, mwanamieleka mweusi Bobo Brazil naye alijulikana kwa kupiga kichwa. Sidhani kama ni sadfa. Ilikuwapo imani ya zamani kwamba fuvu la mtu mweusi ni gumu kuliko la wengine, na imani ya namna hiyo ikishapata wanunuzi haihitaji ushahidi.

Lakini John Lagey hakuwa kichwa tu. Alikuwa mcheza dansi.

Mwaka 1946, vita vikiwa vimemalizika mwaka mmoja tu nyuma, Wajamaika wawili, Berto Pasuka na Richie Riley, walianzisha London kundi lililoitwa Ballets Nègres, ambalo huhesabiwa kuwa kundi la kwanza la dansi la watu weusi katika Ulaya. (Pasuka alizaliwa akiitwa Wilbert Passerley. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita jina alilojichagulia bila ya kutabasamu, na sijui ni mwanamume gani mwengine aliyewahi kujibatiza kwa kitenzi chetu bila ya kutuuliza.) Onyesho lao la kwanza lilikuwa Aprili mwaka huo. Hawakucheza kwa fidla za Wazungu. Walipigiwa ngoma na Wanaijeria, Ambrose Campbell na wenzake. Walizunguka Uingereza na nchi za Ulaya, wakasifiwa, wakakosa fedha, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kundi likavunjika. John Lagey alikuwa mmoja wa wachezaji wake. Mwili uleule uliofundishwa kuitikia ngoma za Campbell ndio uliojulikana ulingoni kwa jina la mto wa Angola.

Na fedha za kuanzia zilitoka wapi? Suala hili lilinikalisha kitako. Sehemu yake ilikuwa ujira walioupata Pasuka na Riley kwa kucheza dansi katika filamu ya Men of Two Worlds, ya mwongozaji Thorold Dickinson, iliyotoka mwaka huohuo wa 1946. Filamu hiyo inahusu Tanganyika. Shujaa wake ni Kisenga, mwanamuziki wa Kitanganyika anayerudi kutoka London kuisaidia serikali kuwahamisha watu wake wanaoangamia kwa malale, na hasimu wake ni mganga aitwaye Magole. Aliyekuwa Kisenga ni Robert Adams, mtu wa Guyana. Aliyekuwa Magole ni Orlando Martins, mzaliwa wa Lagos. Malale si hadithi katika mwambao huu. Wapo wazee wa pande za Uzinza na Geita ambao wazazi wao walihamishwa kweli kwa ajili ya mbung'o, wala hakuna aliyewapigia piano. Basi watu wa Jamaika walilipwa kujifanya watu wa kwetu, na kwa malipo hayo wakajenga jukwaa lao wenyewe, na juu ya jukwaa hilo akacheza mtu wa London ambaye baadaye alilipwa kujifanya mtu wa Kwango. Ukiifuata senti moja ya filamu ile, utafika mbali.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini habari ya mtu huyu imenishika hivi, na jawabu liko juu ya mlango wangu. Mimi ni mtu wa Makunduchi. Pemba nimefika mara mbili. Lakini tangu siku ya kwanza nilipofungua duka Kirumba niliitwa Mpemba, kwa kuwa huku bara kila muuza duka wa visiwani ni Mpemba, na kila Mpemba, husemwa, mizani yake haidanganyi. Mwaka wa pili nikamwita mchora vibao, akaandika kwa rangi ya buluu: KWA MPEMBA. Biashara ikapanda. Nimesomesha watoto kwa kibao kile. Siku moja akaingia kijana wa Chake Chake hasa, kwa lafudhi yake, akakitazama kibao, akanitazama mimi, akauliza kwa adabu, "Ami, nyinyi ni Wapemba wa wapi?"

"Wa Kirumba," nikamwambia.

Akacheka, akanunua sukari, akatoka. Naam, nami nina ulingo wangu.

Si kwamba nalaumu mtu kujipa jina. Washairi wetu wamefanya hivyo siku zote. Khamis Amani alijiita Nyamaume, Andanenga akawa Sauti ya Kiza, na majina hayo yaliwakaa kama ngozi. Hapa Usukumani mambo ni makubwa zaidi. Kila mwaka baada ya mavuno, na hasa katika sikukuu ya Bulabo kule Bujora mwezi wa Juni, Bagika na Bagalu hushindana ngoma: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja na manju wake, ambaye Wasukuma humwita ningi, na watu huliacha kundi hili wakakimbilia lile, penye watu wengi ndipo penye ushindi. Ningi hutunga nyimbo za kumkejeli hasimu wake na za kujisifu mwenyewe, na hujipachika majina yanayotisha. Lakini hujiita hivyo mbele ya watu wanaomjua bibi yake. Akijiita simba kisha akacheza kama kuku, hadhira itahama, ataachwa na ngoma yake.

John Lagey hakuwa na hadhira ya namna hiyo. Wale waliokuwa wakimshangilia hawakuwa na njia ya kumpima Kwango na Kwango, wala hawakuitaka. Ukumbi mzima haukuwa na hata kijana mmoja wa kusimama na kuuliza, Kwango wa nani? Naona hapo ndipo penye dhulma, zaidi ya jina lenyewe. Jina la kubuni si uongo mradi yupo mtu ukumbini awezaye kukukosoa.

Baadhi ya jamaa zangu, niliposimulia habari hizi kwenye baraza, walimhukumu haraka. Walisema kuwa aliuza utu wake. Sikubaliani nao. Mcheza dansi mweusi wa London ambaye kundi lake limevunjika kwa ukosefu wa fedha alikuwa na milango mingapi? Ulingo ulimpa riziki na ukampa jambo jengine ambalo jukwaa la dansi halikumpa tena: watu waliorudi wiki baada ya wiki kumtazama akienda kwa miguu yake. James Harris alikatazwa hata kusema. Lagey angalau aliachiwa miguu.

Mieleka ya televisheni ya Uingereza ilizimwa Desemba 1988, mzozo wa wakubwa na ladha mpya za watazamaji vikiimaliza, na majina ya mamia ya watu yakazimika nayo. Zimebakia filamu chache. Ukibahatika kuitazama moja iliyo na Kwango, nakuomba usikitazame kichwa, maana kichwa ndicho mtangazaji anachokungojea na ndicho kila mtu ukumbini alichokilipia. Tazama chini. Kabla ya kupiga hurudi nyuma hatua fupi, uzito ukihama kutoka kisigino hadi kidoleni bila ya haraka, kama anayengojea ngoma iingie.